Dainamo Inataka Viatu

Sogeeni karibu. Anayekaa mbali atalowa, maana hadithi hii ina mvua nyingi.

Alikuwepo mtoto mmoja, jina lake Kolastika. Jina lilikuwa refu kuliko yeye. Kwa hiyo watu walimwita Kola.

Kola alikuwa na miaka sita. Alikuwa na pengo moja mbele. Na alikuwa na sauti.

Sauti ya Kola haikuwa ya mchezo. Akisema "chumvi" jikoni kwao, jirani alileta chumvi.

Kola alikaa Ifakara na Mama. Baba alikuwa shambani, ng'ambo ya mto, akilinda mpunga. Ndege wakija, Baba aliwafukuza. Ndege wakirudi, Baba aliwafukuza tena. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kazi ya Mama ilikuwa vitumbua. Vitumbua vya mchele, vya nazi, vya iliki. Chwaaa! vililia kwenye mafuta.

Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado limelala, Mama alipanda baiskeli. Ndoo ya vitumbua ilining'inia kwenye usukani. Kola alikaa nyuma, kwenye keria.

Sasa, Mama alikuwa na sauti ndogo. Akiita wateja, mbu peke yake ndiye aliyegeuka.

Kwa hiyo waligawana kazi. Mama alikanyaga pedali. Kola aliita.

"Vitumbuaaa! Vya motooo! Amka ule, ukilala utalia!"

Milango ilifunguka huku na huku. Jogoo wa ng'ambo ya mto alinyamaza. Alitaka kujua ni nani huyo anayemzidi.

Baiskeli ya Mama ilikuwa nyeusi na nzito. Mbele ilikuwa na taa moja, kama jicho. Taa hiyo haikula betri. Ilikula mbio.

Pembeni ya tairi la mbele iliegemea dainamo. Dainamo ni kichupa cha chuma chenye kichwa kidogo. Tairi likizunguka, kichwa kinazunguka. Kichwa kikizunguka, taa inawaka.

Na ikifanya kazi, dainamo inaimba. Ngrrrrr! Ngrrrrr!

Dainamo ikiimba, taa inawaka.
Dainamo ikinyamaza, giza tii!

Basi, ikaja masika.

Mvua ya Ifakara haikunyesha. Ilimwagwa. Ilianza Jumatatu. Alhamisi ilipumzika kidogo. Ikakumbuka kwamba haijamaliza, ikarudi.

Ta-ta-ta-ta juu ya bati. Chwa-chwa-chwa njiani. Kambale alipita uani kwao. Hakupiga hodi.

Asubuhi moja ya mvua hiyo, Mama na Kola walikuwa njiani. Dainamo iliimba. Ngrrrrr!

Halafu ikaimba kidogo. Ngrr… ngr…

Halafu ikanyamaza. Giza tii!

"Mama," alisema Kola, "sioni njia."

"Na mimi siioni," alisema Mama.

Chubwi!

Njia waliipata. Ilikuwa juu. Wao walikuwa mtaroni. Mama mtaroni, Kola mtaroni, baiskeli mtaroni. Vitumbua vyote mtaroni.

Bata saba wakaja. Hawakuuliza vya nani. Walikula kimoja kimoja, wakasema kwa-kwa, wakaondoka.

"Kola, umeumia?" aliuliza Mama.

"Hapana, Mama. Nimelowa tu."

Mama alimtoa Kola majini. Alimshika mkono kwa nguvu sana.

"Mtaro huu una kina," alisema Mama. "Mimi nikianguka, nasimama. Wewe ukianguka, unafunikwa. Kuanzia leo, Kola: bila taa, hupandi."

"Lakini Mama…"

"Bila taa, hupandi."

Kesho yake mvua ilikuwepo. Taa haikuwaka.

Kola alibaki kwa jirani, Bibi Akwilina, mwenye bata. Bibi Akwilina alimpa ungo wa mchele achambue mawe. Jiwe. Mchele. Mchele. Jiwe. Mchele. Mchele. Mchele.

Mama alikwenda kwa miguu gizani, akiikokota baiskeli.

"Vitumbua," aliita Mama.

Mbu akageuka.

"Vitumbua," aliita tena.

Mvua ilisema ta-ta-ta-ta. Ilimzidi. Watu walilala.

Mama alirudi na ndoo imejaa. Mchana walikula vitumbua. Jioni walikula vitumbua. Kola aliota kitumbua kisichokuwa na mwisho.

Asubuhi Mama alifungua debe la mchele. Akaangalia ndani. Akalifunga.

"Vitumbua visipoliwa," alisema polepole, "sitapata mchele wa kupika vingine. Mvua ikiendelea hivi, Kola, jiko nitalizima."

Kola hakujibu. Hiyo haikuwa kawaida yake. Bibi Akwilina alitoka nje kuangalia kumetokea nini.

Kola alikuwa anafikiri. Taa ikiwaka, atapanda. Akipanda, ataita. Akiita, watu wataamka. Mambo yote yalikuwa kwenye taa.

Akaenda kwa Mjomba Libenanga.

Mjomba Libenanga alikuwa kaka yake Mama, tena fundi baiskeli. Kola alimwita mjomba. Naye alimwita Kola mjomba. Ndivyo wanavyoitana, na hakuna anayepotea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona sura imekunjamana kama tyubu isiyo na upepo?"

"Taa ya Mama inazima kwenye mvua."

"Basi umefika," alisema Mjomba Libenanga. "Mimi nimetengeneza baiskeli elfu moja na moja. Hiyo moja ilikuwa ya kiboko."

"Kiboko anaendesha baiskeli?"

"Hakuendesha vizuri."

Mjomba alikuja kwao. Aliinama mbele ya taa. Akaigonga kwa ukucha. Ko-ko-ko.

"Hii taa ina mafua," alisema. "Imelowa kichwa. Leteni kofia."

Mama alikuwa na kofia ya nailoni ya kuogea, ya maua mekundu. Mjomba aliivalisha taa. Akaifunga kwa kamba chini ya kidevu. Taa haina kidevu. Aliifunga hivyo hivyo.

"Hapo," alisema Mjomba. "Hata gharika ije."

Haikuja gharika. Ilikuja mvua ya kawaida.

Ngrrrrr! Ngrr… ngr…

Giza tii!

Kola aliingiza mkono ndani ya kofia. Taa ilikuwa kavu kabisa. Ilikuwa kavu, imependeza, na haikuwaka.

"Bila taa, hupandi," alisema Mama.

Jiwe. Mchele. Mchele. Jiwe.

Siku hiyo Kola alikaa jikoni akiangalia vitumbua vilivyorudi. Bati lilivuja. Tone likaanguka juu ya kitumbua.

To!

Tone halikuingia ndani. Liliteleza juu ya mafuta, likaanguka chini.

Kola akafungua macho. Kitumbua hakilowi! Kitumbua kina mafuta!

Alichukua kikombe cha mafuta ya kukaangia. Akachukua kitambaa. Akaenda kwenye baiskeli.

Alipaka taa. Alipaka waya. Alipaka dainamo. Alipaka usukani, kengele na keria. Mafuta yalibaki, akapaka na matairi.

Hakuacha kitu. Kola hakuwa mvivu.

Alfajiri Mama alishika usukani. Mikono ikateleza. Alikanyaga pedali. Mguu ukateleza.

Tairi lilizunguka. Dainamo haikuimba ngrrrrr. Haikuimba hata ngr. Ilisema fyuuuu, kama mtu anayepuliza uji.

Giza tii! Na mvua ilikuwa bado haijaanza.

Mama alinusa baiskeli. Akainusa tena.

"Kola," alisema. "Nani amekaanga baiskeli?"

"Mimi, Mama."

"Kwa nini?"

"Isilowe."

Mama aliitazama baiskeli. Ilikuwa inang'aa. Paka wa jirani alikuwa anairamba keria.

"Haya," alisema Mama. "Ni wazo. Sasa leta sabuni."

Waliosha kwa sabuni. Wakaosha kwa majivu. Wakaosha tena kwa sabuni. Wakati huo kulikucha, na watu walikwenda shambani bila vitumbua.

Kola aliona aibu. Alitaka kulia, ila alijua akilia mtaa mzima utajua. Akaamua kwenda chooni.

Choo kilikuwa nyuma ya nyumba. Uani kulikuwa na tope jekundu, tope la kung'aa. Kola alivaa kandambili zake za plastiki.

Hatua moja. Puu! Alikaa chini.

Akainuka. Hatua ya pili. Puu!

Akainuka. Hatua ya tatu. Hakuimaliza. Puu!

Akarudi mlangoni kwa magoti. Mlangoni kulikuwa na katambuga za Baba. Katambuga ni viatu vilivyokatwa kwenye tairi la gari. Vilikuwa vikubwa. Kola aliingia ndani yake kama anaingia kwenye mitumbwi miwili.

Hatua moja. Akasimama.

Hatua ya pili. Akasimama.

Akaenda mpaka chooni. Akarudi. Hakuanguka hata mara moja.

Kola alisimama katikati ya tope. Akaangalia miguu yake.

Plastiki inateleza. Mpira unashika.

Akaangalia miguu yake tena. Halafu akaangalia baiskeli.

"Mamaaa!"

Bibi Akwilina aliangusha ungo.

"Nipo hapa hapa, Kola," alisema Mama. "Usinizibue masikio."

"Mama, inyanyue baiskeli! Zungusha tairi!"

Mama alinyanyua. Akazungusha. Baiskeli ilikuwa safi na kavu sasa, maana ilikuwa barazani.

Ngrrrrr! Dainamo iliimba. Taa ikawaka.

"Sasa usiache!" alisema Kola. Akachota maji kwa kata. Hakuyamwaga kwenye taa. Aliyamwaga kwenye tairi.

Ngrr… ngr… Kimya.

Kola aliinamisha kichwa karibu sana. Tairi lilikuwa linazunguka. Kichwa cha dainamo kilikuwa kimesimama tu. Tairi lililowa, likapita chini yake, sii, sii, sii.

"Mama, taa haina mafua!" alisema Kola. "Dainamo inateleza! Kichwa chake ni chuma, kimekwisha, kinang'aa kama kandambili yangu!"

Mama naye aliinama. Akatazama.

"Kweli," alisema. "Siku zote hizi nimeilaumu taa ya watu."

Kola hakungoja. Alikimbia kwa Mjomba Libenanga, katambuga zikipiga pwa-pwa-pwa. Mama alifuata na baiskeli.

"Mjomba!" alisema Kola. "Dainamo inataka viatu!"

Mjomba Libenanga aliweka bisibisi chini. Vijana watatu waliokuwa wanajaza upepo wakacheka mpaka pampu ikaanguka.

"Viatu?" alisema Mjomba. "Namba ngapi?"

"Ndogo sana. Na ni kimoja tu."

"Vya kisigino?"

"Mjomba, usinitanie! Vya mpira. Kama hivi." Kola alinyanyua mguu mmoja. Katambuga ilibaki chini kwenye tope. Imeshika.

Mjomba aliitazama katambuga. Akaitazama dainamo. Akagusa kile kichwa kwa kidole. Kilikuwa laini kama yai.

Akaacha kucheka.

Alikwenda kwenye lundo la tyubu kuukuu. Akachagua moja nyembamba, ya baiskeli ya mtoto. Akakata kipande, chap! Kilikuwa pete ya mpira, upana wa kidole.

Akakivuta. Akakivuta tena. Kikaingia juu ya kichwa cha dainamo, nyap! Kikabana.

Dainamo ilikuwa imevaa kiatu.

"Na hapa je?" aliuliza Kola. Alionyesha pale waya unapoingia kwenye taa. Palikuwa na kutu ya kijani.

"Nilikuwa naelekea hapo hapo," alisema Mjomba. Hakuwa anaelekea hapo. Alisugua kutu kwa msasa, kwaru-kwaru-kwaru. Akafunga waya vizuri. Akadondosha nta ya mshumaa juu yake, to, to, to, maji yasipite.

Mama alinyanyua baiskeli. Akazungusha tairi.

Ngrrrrr!

Kola alimwaga kata ya maji.

Ngrrrrr!

Mjomba alimwaga ndoo.

Ngrrrrr!

Mmoja wa wale vijana alileta ndoo mbili. Mjomba aliyekuwa amechuchumaa mbele ya tairi akalowa mpaka soksi. Dainamo iliimba. Taa iliwaka mchana kweupe, ikammulika usoni.

Dainamo ikiimba, taa inawaka.

"Nilijua toka mwanzo," alisema Mjomba Libenanga, huku akikamua shati. "Nilikuwa nakungojea tu useme, mjomba."

"Na ile kofia?" aliuliza Mama.

"Ile ilikuwa ya kupendeza."

Mama hakucheka. Lakini alikohoa kwa muda mrefu.

Njiani alipitia dukani, akachukua mchele wa mwisho alioweza kununua. Usiku aliuloweka. Saa tisa usiku aliamka kukaanga. Chwaaa!

Saa kumi na moja alfajiri mvua ilikuwa mlangoni, inawangoja.

Na haikuwa peke yake. Ilikuja na upepo. Ilikuja na radi. Ilikuja na mvua nyingine nyuma yake.

Mama alitundika ndoo kwenye usukani, akaifunika vizuri. Kola alisimama pembeni, amejifunika gunia la plastiki kichwani. Hakupanda. Alijua sheria.

"Bila taa…" alisema Mama.

"…sipandi," alisema Kola, taratibu.

Mama alikokota baiskeli hatua moja. Kimya. Hatua mbili. Kimya. Hatua tatu.

Giza tii!

Kola alilivuta gunia mpaka machoni. Mama akasimama.

"Kola," alisema. "Dainamo umeibonyeza?"

Kola alinyoosha mkono gizani. Akapapasa. Dainamo ilikuwa imekaa mbali na tairi, inapumzika zake.

Akaibonyeza. Tak!

Mama alikokota hatua moja.

Ngrrrrr!

Mwanga ukatoka. Ukapita katikati ya mvua, ukamulika mtaro, ukamulika njia, ukamulika chura mmoja aliyekuwa hataki kuonekana.

"Panda," alisema Mama.

Hakumalizia neno. Kola alikuwa ameshakaa kwenye keria.

Wakaenda. Tairi lililowa. Njia ililowa. Mvua iliipiga dainamo mbele, nyuma na ubavuni.

Ngrrrrr! Ngrrrrr!

Wakapita kwenye daraja la mbao. Ngrrrrr! Wakapita kwenye dimbwi lenye kambale wawili. Ngrrrrr! Wakapita kando ya mtaro. Bata saba walikuwa wamejipanga ndani, wamefungua midomo, wanangoja.

Waliendelea kungoja.

Kola akavuta pumzi. Akavuta nyingi, mpaka gunia likambana.

"VITUMBUAAA! VYA MOTOOO! AMKA ULE, UKILALA UTALIA!"

Mlango mmoja ukafunguka. Ukafunguka wa pili. Wa nne ukafunguka kabla ya wa tatu. Watu walitoka na sahani, na majembe, na miavuli ya majani ya mgomba.

"Kola wewe! Ulikuwa wapi siku zote hizi?" aliuliza mzee mmoja. "Mimi nimechelewa shambani kila siku. Hakuna wa kuniamsha."

"Nilikuwa nachambua mchele," alisema Kola.

"Usirudie," alisema mzee. "Nipe vinne."

"Mimi sita!"

"Mimi hivyo vya chini, vyenye moto!"

Bibi Akwilina alitoka amefunga kanga mbili. "Mtoto huyu aliniangushia ungo jana," alisema. "Nipe vitano."

Ndoo ikawa nusu. Ndoo ikawa robo. Kikabaki kitumbua kimoja.

Mama alikikata katikati. Nusu akampa Kola. Kilikuwa kizuri. Hakikuwa na tope.

Kulipokucha walikuwa wanarudi nyumbani na mfuko mpya wa mchele ndani ya ndoo. Mvua ilichoka kwanza. Wao walikuwa bado.

Jua likachungulia. Kila mtu aliiona njia vizuri. Hakuna aliyehitaji taa tena.

"Kola, nikisimama, shuka uitoe dainamo kwenye tairi," alisema Mama. "Tumeshaona."

Kola hakujibu.

"Kola?"

Mama aligeuka. Kola alikuwa amelala, shavu limeegemea mgongo wa Mama, mdomo wazi, na mkono mmoja umeshika kanga ya Mama kwa nguvu.

Mama angeweza kusimama, ainame, aitoe dainamo mwenyewe. Lakini angesimama, Kola angeamka.

Kwa hiyo aliendelea kukanyaga, polepole, polepole. Dainamo iliimba kidogo kidogo. Na taa ikawaka kwenye jua lote lile, mpaka mlangoni.

Ngrrr… ngrr… ngr…